Fisi Alivyoukataza Wimbo wa Kisimani

Ilikuwa enzi zile Fisi alipokuwa na cheo, na Ngiri alikuwa bado hajajua faida ya kukaa kitako. Mvua ilikata, mto ukakauka, ukabaki mchanga mweupe wenye nyayo za waliohama. Viboko waliondoka bila kumuaga mtu. Waliobaki waliamka alfajiri kulamba umande kwenye mawe, na hata huo umande ukawa wa kugombaniwa.

Aliyegundua maji ni Mama Ngiri. Hakuwa hodari wa kitu kingine chochote ila kuchimba, na alikuwa na kasoro moja iliyojulikana nchi nzima: usahaulifu. Akifukuzwa alikimbia mkia juu, lakini kabla ya kufika mbali husahau anakimbia nini, akasimama kutafuna majani. Wenzake walimcheka kwa hilo. Naye alicheka pamoja nao, kisha akasahau walichokuwa wanacheka. Ila pua yake haikusahau kitu. Ilinusa unyevu chini ya mchanga wa mto, naye akaanza kuchimba. Nungunungu akaja kumsaidia, Nyani akaja, Punda akaja kubeba mchanga. Walichimba mpaka mbingu ikawa duara dogo juu ya vichwa vyao, ndipo maji yakaanza kuchuruzika.

Siku maji yalipotokea, Simba naye alitokea. Hakuwa amegusa hata punje ya mchanga. Alisimama ukingoni, akatikisa manyoya ya shingo, akanguruma mara moja, na kisima kikawa cha Simba. Mambo mengi makubwa hupata mwenyewe kwa njia hiyo.

Kisima kilikuwa kirefu mno kuchotwa na mtu mmoja. Ukutani walikuwa wamechimba vidato vya kusimamia, na kila mmoja alikuwa na chake. Mama Ngiri alisimama chini kabisa, miguu majini, akijaza buyu. Akalipandisha kwa Nungunungu, Nungunungu kwa Nyani, Nyani kwa Punda aliyekaa juu, na Punda akalimimina kwenye hori la kunywea. Buyu lenyewe lilikuwa zito, na ukilipokea mapema au ukichelewa, linakuponyoka. Kwa hiyo walichota kwa wimbo, na wimbo ndio uliowaambia mikono iende wapi na lini.

Simba alipokunywa mpaka tumbo likavimba, alijaa ukarimu, kama wakubwa wanavyokuwa wakishashiba. Alisema mbele ya wote, "Nyinyi mnaochota mtakunywa kwanza kila asubuhi, nyinyi na watoto wenu. Halafu ndipo hori lijazwe. Nimesema."

Wote walishangilia isipokuwa Mama Ngiri, ambaye alikuwa na wasiwasi.

"Nyani, ndugu yangu," alisema, "mimi hili nitalisahau. Unanijua. Nifanyie mpango."

Nyani hakuwa mtu wa kupanga mambo, alikuwa mtu wa mizaha, lakini kutunga alijua. Akalitia neno la Simba ndani ya wimbo wa kuchotea, likakaa humo:

*Shika buyu, nipe buyu,*
*maji yasije mwagika.*
*Mchotaji ndiye kwanza,*
*na watoto wake pia.*
*Simba mwenyewe kasema,*
*na sisi tukasikia.*

Wakawa wanauimba kutwa. Simba aliusikia kutoka kwenye jiwe lake akapendezwa, maana alitajwa.

Basi Simba akachoka kukaa karibu na makelele ya kazi. Akataka msimamizi. Katika wanyama wote waliokuwapo akamchagua Fisi, na sababu yake ni moja tu: Fisi alicheka kila Simba alipotoa mzaha, hata ile siku ambayo Simba hakuwa anatania. Kwamba tumbo la Fisi halijawahi kusema basi tangu lizaliwe, hilo Simba hakuliona kuwa ni jambo la kuulizia.

Fisi alifika kisimani amejipangusa mdomo.

"Wanangu," alisema, "leo tu, tujaze hori la Bwana Mkubwa kwanza. Nyinyi mtakunywa yatakayobaki. Leo tu, kwa heshima ya mgeni, na mgeni ni mimi."

Wakakubali. Kesho yake ikawa tena leo tu. Kesho kutwa, leo tu nyingine. Kazi ikiisha, Fisi aliwaambia kwa sauti ya huruma, "Nendeni mkapumzike kivulini, wanangu, mmechoka." Wakirudi kutoka kivulini walikuta hori limebaki tope, na ndugu zake Fisi wanaondoka mmoja mmoja, ndevu zinadondoka maji.

Mama Ngiri alimfuata. "Bwana Fisi, si tulikuwa tunakunywa kwanza?"

"Kwanza?" Fisi alishangaa kwa uso mzima. "Mama Ngiri, lini hiyo? Wewe mwenyewe ndiye uliyesema mtapenda kunywa mwisho, mkiwa mmetulia. Umesahau?"

Mama Ngiri alisimama pale akiona haya. Kusahau kwake kulikuwa kweli, na mtu anayejijua msahaulifu ni rahisi kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alimwomba Fisi radhi, akaenda zake nyumbani.

Nyumbani walikuwako watoto wake, pua zimepasuka kwa ukavu. Zamani walikuwa wakimwona mama yao wanakuja mbio, mikia juu. Siku hiyo walinyanyua vichwa tu. Mdogo kabisa alikuwa analamba kwato za mama yake, kwa sababu kwato zilikuwa zimeshinda majini na bado zilikuwa na unyevu. Mama Ngiri alimwacha alambe mpaka zikakauka. Roho ilimuuma sana, na hakujua amkasirikie nani.

Asubuhi alishuka kisimani kama kawaida. Wakaanza wimbo. Alipofika kwenye mstari wa tatu, *mchotaji ndiye kwanza*, ulimi ulikuwa umenata juu kinywani kwa kiu. Akanyamaza. Buyu likasimama mkononi.

"Nyani," aliita, "huu wimbo ni wa kweli, au tunajiimbia tu?"

"Wa kweli. Nilimsikia Simba kwa masikio haya unayoyacheka kila siku."

"Basi mbona sisi ndio wa mwisho?"

 Kisha miiba ya Nungunungu ikasikika ikisimama, mmoja baada ya mwingine.

"Mimi nilidhani ni mimi peke yangu ninayeliona hili," alisema Nungunungu. "Nikasema labda nina roho mbaya."

"Na mimi," alisema Nyani.

Punda, huko juu, alisema yeye alikuwa anaelekea kuliona.

Walimwendea Fisi wakamwambia wanataka mazungumzo. Fisi alifurahi sana. Alisema mlango wake uko wazi, waje, ila mmoja mmoja, ili amsikilize kila mtu vizuri. Akaingia Nyani, akatoka ameahidiwa ndizi, na nchi nzima hapakuwa na mgomba. Akaingia Nungunungu, akatoka amekasirika, mikono mitupu. Akaingia Mama Ngiri, akakaa humo muda mrefu, na alipotoka wenzake walimuuliza umepata nini.

"Sikumbuki vizuri," alisema. "Lakini nadhani nimemshukuru."

Nyani alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka alisema, "Haya, tumekoma. Huyu tukimwendea mmoja mmoja atatumaliza. Tuingie wote kwa mlango mmoja."

Wakaingia wote, Punda nyuma. Fisi alipowaona pamoja, uso ulimbadilika.

"Mimi sizungumzi na kundi," alisema. "Mkiwa wengi nasikia kelele tu. Na kelele zenyewe najua zinatoka wapi, zinatoka kwenye huo wimbo wenu. Kuanzia leo, marufuku kuimba kisimani. Kuimba kunapoteza pumzi za kazi."

Wakachota kimya. Buyu lilimgonga Nungunungu puani. Lililofuata lilimponyoka Nyani likamwagikia Mama Ngiri kichwani. Jingine lilifika juu nusu. Fisi alisimama ukingoni akifoka kwamba ni wavivu.

Ndipo walipokata shauri. Hawakutaka kuvizia wala kutoroka, kwa sababu Mama Ngiri alisema yeye akitoroka atasahau anatoroka nini. Walikwenda wote mpaka chini ya jiwe la Simba, mchana kweupe, Nyani akapaza sauti, "Bwana Mkubwa, mwezi ukiandama kabla hujazungumza na sisi, tutapanda juu ya kisima tukae kitako. Tunakuambia mapema usije ukasema hukuambiwa."

Simba alimtazama Fisi. "Wanataka nini hawa?"

"Hori lako, Bwana Mkubwa," Fisi alimnong'oneza. "Kunywa kwanza wanakunywa kila siku, wao na watoto wao, mpaka wanacheua. Sasa wanataka na lako."

Simba alipandwa na mori. Hakuwaita karibu kuwauliza, kwa kuwa mwenye fahari kama yake huona kuuliza ni sawa na kuomba.

Mwezi ukaandama. Asubuhi yake wachotaji walipanda kutoka kisimani, wakaliweka buyu ukingoni lisivunjike, wakakaa kitako pale pale, mbele ya macho ya watu wote. Mama Ngiri alikuwa hajawahi kukaa hivyo mchana maishani mwake. Kila jani lilipotikisika, miguu ilimwambia kimbia. Akajikaza.

Simba alikuja mwenyewe. Wanyama walikusanyika, wamekauka midomo.

"Nchi hii bila maji inakufa," Simba alisema kwa sauti nzito. "Mwimbaji akitaka kuacha kuimba, aache. Mcheza ngoma aache. Lakini mchota maji anashika uhai wa watu wote, kwa hiyo mchota maji haruhusiwi kuacha kazi. Hiyo ndiyo sheria."

"Ya lini, Bwana Mkubwa?" aliuliza Nyani.

"Ya sasa hivi."

"Tumeisikia. Lakini kama sisi ndio tunaoshika uhai wa watu wote, mbona sisi ndio tunaokunywa tope?"

 Simba alianza kulamba unyayo wake kwa makini, mpaka ikaonekana wazi kwamba unyayo ulikuwa safi tangu mwanzo. Kisha akaondoka. Alitarajia Fisi ataimaliza shughuli, na Fisi, ambaye kwa akili alikuwa hana kitu, alimwita Sungura.

Sungura hakuwa na upande. Alikuwa na akili, na akili yake ilikuwa inakodishwa. Fisi alimwahidi kunywa mapema, naye akapita kwa wagomaji mmoja mmoja, masikio yamelala kwa adabu. Nungunungu alimgeuzia mgongo, na mgongo wa Nungunungu ni jibu tosha. Nyani alimsikiliza, akamwigiza sauti, watu wakacheka, Sungura akaondoka. Alipofika kwa Punda alikaa.

"Kaka Punda," alisema, "nasikia unafanya kazi moja na Ngiri. Mtu kama wewe. Bwana Fisi anasema wewe ungefaa kuwa Mkuu wa Hori."

Punda alinyanyua kichwa. "Mkuu?"

"Wa Hori. Hutamimina tena kama mtumishi. Utamimina kama mkuu."

Kazi ilikuwa ile ile na mahali pale pale, lakini Punda alivikwa kilemba cha ukoka naye akakiona ni cha hariri. Aliinuka, akajikung'uta vumbi, akaenda kusimama kando ya hori bila kuwatazama wenzake usoni.

Mwishowe Sungura alimfuata Mama Ngiri, ambaye jua lilipokuwa linashuka alikwenda nyumbani kuwatazama watoto.

"Shikamoo, shangazi. Hawajambo watoto?"

"Unawaona mwenyewe."

Sungura aliwatazama. Mdogo alikuwa amelala ubavu, anapumua kwa mdomo.

"Shangazi, nitasema ukweli, hata kama utauma. Wewe si mtu wa ugomvi. Wenzako wamekasirika kwa sababu wanakumbuka. Wewe kesho kutwa utakuwa umesahau ulikasirikia nini, na huyu mtoto atakuwa hayupo. Shuka kisimani peke yako kesho, ujaze buyu la Fisi, na wanao watakunywa kabla ya jua kutoka. Wanao tu. Nani atakulaumu?"

 Sungura alikuwa amesema kweli, na kweli ikitoka kwa mtu kama Sungura inachoma zaidi. Mama Ngiri alimtazama mtoto wake. Alikuwa radhi kutukanwa na Nyani na Nungunungu maisha yake yote, ilimradi mtoto huyu anywe.

"Sawa," alisema. "Nitashuka."

Alfajiri aliondoka. Njia ya kisimani alikuwa ameipita mara nyingi mno, na miguu yake haikujua kuipita kimya. Bila kukusudia alianza kuimba chini kwa chini. *Shika buyu, nipe buyu.* Akavuka mchanga. *Maji yasije mwagika.* Akauona ukingo, na Fisi amesimama, anatabasamu. *Mchotaji ndiye kwanza.*

Mama Ngiri alisimama.

Akaurudia ule mstari. Halafu ule unaofuata, *na watoto wake pia*. Haukusema mtoto wa Ngiri peke yake. Haukusema buyu moja alfajiri moja, halafu tena tope. Ulisema kwanza, kila siku, na aliyesema ni Simba. Hasira yote ikamrudia, na mara hii ilikuja pamoja na sababu yake.

"Bwana Fisi," alisema, "nilikuwa nakuja kukufanyia kitu, lakini nimekisahau."

Akageuka, akaenda akakaa kitako katikati ya Nyani na Nungunungu.  Nungunungu alimsogelea ampe bega, akakumbuka miiba yake, akarudi nyuma kidogo.

Fisi aliona sasa mambo yanakwenda mrama. Simba alikuwa amekwishaamka, hori limekauka, na watoto wa Simba wanalia. Akatia mikono kinywani akapiga ukelele, wakaja ndugu zake wote: kaka, binamu, wajomba na mashemeji. Akawapanga kwenye vidato kuanzia chini mpaka juu.

"Mnaona?" aliwaambia wagomaji. "Kazi yenyewe haina ufundi. Kila mtu anaweza."

Simba alikuja na familia yake, akakaa mbele ya hori. Wanyama wote walisogea. Punda alisimama wima, kichwa juu, tayari kumimina kama mkuu.

Fisi wa chini alijaza buyu. Halafu, kwa kuwa lilikuwa limejaa na yeye alikuwa karibu nalo, alionja. Akalipandisha kwa binamu, binamu akaonja. Shemeji aliyefuata alimwona binamu ameonja, akaona si haki yeye akose. Wajomba, kwa heshima ya umri wao, walionja zaidi. Kisima kilikuwa kimya kabisa, isipokuwa sauti za kumeza. Buyu likafika juu, Punda akalipokea kwa taadhima, akaliinamisha juu ya hori.

Likatoka tone moja. Lilining'inia ukingoni mwa buyu, kisha likabadili nia na kukauka hapo hapo.

Watu wote walilitazama hori. Punda naye alilitazama.

"Lete jingine," alinguruma Simba.

Likaja jingine, tupu. Likaja la tatu, na hilo lilikuwa limelambwa hata ndani. Simba alimgeukia Fisi, na Fisi alicheka kwa mazoea, halafu akaona hapakuwa na mzaha.

"Ni uzembe wa aliye chini, Bwana Mkubwa," alisema haraka. "Nashuka mwenyewe kusimamia."

Akashuka, akamsukuma ndugu yake, akaingia majini. Alikusudia kwa dhati kusimamia. Lakini pale chini palikuwa na maji yote, baridi, hayana mwingine, na jicho la Simba halikufika huko. Fisi akainamisha kichwa kidogo, aonje kama yako sawa. Wenzake waliokuwa juu waliusubiri sana mgao wao, haukuja. Wakachungulia, wakamwona anavyofanya, wakatukanana, wakavutana mikia, kisha wakapanda juu mmoja mmoja wakaenda zao, wamekasirika kwamba ndugu yao ni mchoyo.

Simba aliinama kwenye mdomo wa kisima. "Fisi, maji yako wapi?"

Kisima kilijibu kwa mbweu ndefu.

Baada ya muda sauti ya Fisi ilipanda, dhaifu. "Bwana Mkubwa, nimekwama. Tumbo halipiti kwenye vidato."

 Kisha mtu mmoja katika umati alianza kucheka, na wa pili, na mwisho hata watoto wa Simba walicheka, kiu yao na yote. Simba hakucheka. Fahari yake yote ilikuwa imekaa mbele ya hori kavu, na msimamizi wake yuko ndani ya maji ya kunywa ya nchi nzima. Aliwatazama wale waliokaa kitako. Kwa mara ya kwanza aliwatazama kama mtu anayewahitaji, na hilo lilimuuma kuliko kiu.

"Mtoeni," alisema.

"Tungependa, Bwana Mkubwa," alisema Nyani kwa upole mkubwa. "Lakini yule ni mzito kuliko buyu. Mzigo kama ule hautoki bila wimbo, na wimbo tumekatazwa."

"Nauruhusu."

"Tunashukuru. Lakini ndani ya wimbo mna maneno yako. Tukiyaimba tena hatutaki kuyaimba bure. Kaa chini na sisi, tuzungumze. Sisi wote, siyo mmoja mmoja."

Simba alikaa. Ilimchukua muda kukunja magoti, lakini alikaa.

"Mnataka nini zaidi?" aliuliza. "Fisi aliniambia mnakunywa kwanza kila siku, nyinyi na watoto wenu, mpaka mnacheua."

Mama Ngiri hakuwa msemaji. Aliinuka, akaenda nyumbani, akarudi na watoto wake. Wawili walikuja kwa miguu yao wakiyumba. Mdogo alibebwa. Akamlaza mbele ya Simba, juu ya mchanga.

"Cheua, mwanangu, Bwana Mkubwa akuone," alisema.

Mtoto alifumbua jicho moja, akalifumba.

 Sungura, ambaye alijua upepo ukigeuka kabla haujageuka, alitoka mbele akaeleza yote: leo tu za Fisi, kivuli cha huruma, ndevu za ndugu zake. Alieleza vizuri sana, kama mtu ambaye hakuwepo.

"Nimedanganywa," alisema Simba.

"Umedanganywa," alisema Mama Ngiri, "lakini na kuuliza hukuuliza. Hori lako lilikuwa limejaa."

Wanyama waliokuwa karibu walirudi nyuma. Hata miguu ya Mama Ngiri mwenyewe ilimwambia kimbia. Hakukimbia. Simba alimkazia macho kwa muda, kisha akayashusha yakaangukia kwa yule mtoto.

"Itakuwa kama nilivyosema mwanzo," alisema. "Neno langu ni lile lile."

"Basi liimbe," alisema Mama Ngiri. "Mimi nitasahau kwamba umelisema hapa. Lakini ukiliimba wewe mwenyewe, mbele ya watu wote, hata wewe hutaweza kulisahau."

"Simba haimbi."

"Sawa," alisema Nyani. Wakakaa vizuri zaidi.

Jua likapanda. Mtoto wa Simba alikwenda akalamba hori kavu, akamtazama baba yake. Kutoka kisimani Fisi aliuliza kama wamemsahau. Simba alikohoa, akatazama kando, akaimba, na sauti yake ilikuwa mbaya kama ya mlango usiotiwa mafuta:

*Mchotaji ndiye kwanza,*
*na watoto wake pia.*
*Mimi mwenyewe nasema…*

"*Na sisi tukasikia*," nchi nzima ikaitikia. Sungura alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Punda alikuja kichwa chini, akauliza kama mahali pake bado papo. Nungunungu alimwambia papo, ila Mkuu abaki nje. Wakashuka kila mmoja kwenye kidato chake, na cha kwanza kupandishwa kilikuwa buyu la maji. Mama Ngiri alilijaza mwenyewe, Fisi amesukumwa pembeni, yeye na tumbo lake. Lilipanda kwa wimbo, mkono kwa mkono, halikumwaga hata tone, na Punda akalipeleka kwa watoto wa Ngiri. Mdogo alilowanishwa pua kwanza, kisha ulimi, kisha akaanza kumeza. Mama yake aliisikia ile sauti ya kumeza kutoka chini kabisa, akalia humo humo majini, na hakuona haya.

Kisha wakampandisha Fisi, naye kwa wimbo. Nungunungu ilimbidi amkumbatie kwa nguvu asianguke. Alimwomba radhi kwa kila mwiba.

Siku hiyo ndipo walipotambua kitu walichokuwa wakikifanya siku zote bila kukifikiri: anayeimba hawezi kunywa. Kinywa ni kimoja. Mtu akionja buyu la wenzake njiani, wimbo unapungua sauti moja, na wote wanajua ni nani. Nyani alisema sasa anaelewa kwa nini Fisi aliuona wimbo ni adui. Cheo cha msimamizi kikafutwa, na Fisi akapewa kidato katikati, kati ya miiba ya Nungunungu na jicho la Nyani, achote na aimbe. Maneno hayakumwingia. Kila usiku anazunguka vichakani akijizoeza, na kelele zile unazozisikia, nusu kilio nusu kicheko, ni za mtu anayeogopa kunyamaza asije akaambiwa anakunywa.

Mama Ngiri ameshasahau. Ukimuuliza habari za mgomo atakutazama, atakuuliza mgomo gani, na ukimtisha kidogo atakimbia mkia juu, halafu atasimama kula majani. Lakini anachota kila siku, na anaimba. Ikitokea asubuhi moja hori likajazwa kabla wanawe hawajanywa, akifika mstari wa tatu sauti itamkatika. Atapanda juu, ataliweka buyu ukingoni taratibu, na atakaa kitako. Hatajua vizuri ni kwa nini. Atajua tu kwamba hainuki mpaka waje kuzungumza naye, yeye na wenzake wote.